Nimeambukizwa lafudhi ya rumeti wangu, sasa anadhani namcheka

Anti, shikamoo na pole na majukumu. Mie msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, nilikuwa nasoma tu shida za wenzangu nacheka na kulia, leo yamenifika mwenyewe.

Mie mtoto wa Unguja, nimezaliwa mjini na kukulia mjini, tunaishi na bibi mzaa mama ambaye yeye asili yake Makunduchi. Sasa hivi nipo mwaka wa pili chuo huku Dodoma. Nilivyokuja mwaka jana sikuwa namjua hata mtu mmoja, nikapangiwa rumu na wasichana watatu, mmoja katoka Tarime na huyo ndo tulishikana. Yani Anti tunakula sahani moja, nikiishiwa bando natumia lake, nilivyougua taifodi semista ya kwanza yeye ndo alinipeleka hospitali usiku na akalala kwenye kiti cha plastiki mpaka asubuhi, mama yangu mpaka leo kwenye dua zake anamtaja.

Tatizo ni ulimi. Nilivyofika huku nilikuwa naongea cha kwetu kabisa, wiki ya kwanza nilienda soko la Majengo nikaulizia tungule, yule mama muuzaji akanijibu "hiyo dawa hatuna mwanangu, jaribu duka la mbele". Rafiki yangu alicheka akakaa chini pale pale sokoni. Ndo akanifundisha, tungule ni nyanya, mbatata ni viazi, skuli ni shule, boflo ni mkate, na mie nikawa nafuata kwasababu nisingefuata ningelala njaa. Lakini ikawa haikuishia kwenye majina ya vitu. Rafiki yangu kama ujuavyo watu wa kwao, l kwake inageuka r, kulala anasema kurara, akishangaa ni "mura!", na anaongea kwa sauti ya juu na maneno mafupi kama anakata kuni. Sijui ilianza lini ila na mie nikaanza. Nikichoka najisikia nasema "jamani nataka kurara". Na zile dhambi na dhahabu nilizofundishwa madrasa tangu nina miaka minne zikawa zambi na zahabu, hilo nadhani nimelitoa darasani maana kule karibu wote wanasema hivyo.

Nikaenda nyumbani Idi. Anti wee. Nimefika soko la Mwanakwerekwe nikaulizia nyanya, muuzaji akaniangalia juu chini akauliza "umeingia na boti ya saa ngapi" halafu akanitajia bei ya mgeni! Nyumbani nimekaa nikamwambia bibi "nipe maji", bibi akanyamaza kidogo akaniuliza "kwani unagombana na nani?" Binamu zangu ndo usiseme, jina langu sasa hivi ni Mzanzibara, kuna mmoja kila nikisema thelathini ananisahihisha hata nikiwa nimesema sawa. Bibi akasema Kiswahili kimetoka hapa kwetu kikaenda kwao, iweje mie niende nikachukue kwao nilete hapa, akasema nimeuza lugha. Alisema kwa utani lakini bibi utani wake unaujua una mfupa ndani.

Hayo ningeyabeba. Kilichonivunja ni hiki. Jumamosi mbili zilizopita tulikuwa rumu tunapika kwenye lile jiko la umeme lisiloruhusiwa, wapo wenzetu wa rumu na kuna msichana wa darasani alikuja kukaa. Nikamwambia rafiki yangu bila hata kufikiri, "mura, hebu rete sufuria". Rumu nzima ikacheka. Yule wa darasani akasema "kumbe unamuigiza vizuri hivi, hebu rudia" na mie sijui shetani gani alinipitia nikarudia, mara ya tatu nikaongeza na mikono. Rafiki yangu aliweka sufuria chini taratibu akapanda kitandani. Usiku taa zimezimwa nikamuita, akanijibu, "Chuo kizima wananicheka nimezoea, lakini hata wewe wanicheka mie?" Akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo tunaishi kama wapangaji. Ananiambia "habari za asubuhi", "samahani naomba unipishe", anaongea taratibu kama anasoma taarifa ya habari, kila l imekaa mahali pake, na mimi nikisikia zile l zake naumia kuliko angenitukana. Na mie naogopa kufungua mdomo, kila neno nalikagua kwanza kama askari wa getini. Anti, nifanyeje ajue sikuwa namcheka? Na huu ulimi naurudishaje kwetu? Hata hii barua sijui nimeiandika ki wapi.

Ni mie, Mzanzibara wa Dodoma

---

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka hapo kwenye "hiyo dawa hatuna" mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, mara ya pili nilikwama kwenye sufuria.

Nianze na ulimi maana ndo unaona una kosa kumbe hilo wala sio kosa. Watu wakikaa pamoja wanaambukizana maneno kama wanavyoambukizana mafua. Kuna kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika kinaitwa Rothera, kwenye barafu, kipindi cha baridi hakuna meli wala ndege ya kawaida, mkishabaki mmebaki. Wataalamu wa fonetiki, yani wanaochunguza sauti za lugha, waliwarekodi watu 11 waliokaa huko msimu huo, wengi Waingereza na wachache wa nchi nyingine, wakawarekodi kabla ya kwenda na tena wakiwa kule kule. Matokeo yalitoka 2019. Ndani ya ile miezi michache tu irabu zao zilikuwa zimeanza kusogea, kidogo sana, kiasi kwamba sikio la kawaida lisingegundua, inabidi mashine, lakini zilisogea. Sasa hao ni watu wazima, wana lugha yao ya kazi, miezi michache. Wewe mwaka mzima na zaidi, sahani moja, bando moja, taifodi moja, ulitegemea ulimi ubaki Unguja peke yake unafanya nini?

Na ukidhani ni udhaifu wa watoto wa chuo, mmoja wa wataalamu hao hao, Jonathan Harrington, aliwahi na wenzake kusikiliza salamu za Krismasi za Malkia Elizabeth wa Uingereza, za miaka ya 1950 wakalinganisha na za miaka ya 1980, wakakuta irabu za Malkia zimesogea kuelekea wanavyoongea watu wa kusini mwa Uingereza walio chini yake. Malkia! Ambaye hakuna mtu angethubutu kumsahihisha thelathini.

Mimi mwenyewe mtu wa Tanga, nimeolewa Iringa mwaka wa 19 huu, watu wa huku wananiona wa kwao kabisa, sokoni napiga kamwene, salamu ya Kihehe, kama nimezaliwa Kalenga. Dada yangu akipiga simu kutoka nyumbani dakika mbili tu nishabadilika, wanangu wanaangaliana wanasema "haya, mama ameshafika Tanga". Sijui hata nakuwa nimefanya nini.

Sasa tuje kwenye sufuria, na hapa mwanangu nitakuwa mkali kidogo. Unauliza nifanyeje ajue sikuwa namcheka. Sikiliza, kuambukizwa na kuigiza ni vitu viwili na vinatofautishwa kirahisi tu, angalia nani alikuwepo anasikiliza. Ulivyomwambia bibi "nipe maji" hukuwa na watazamaji wa kuchekesha, ulikuwa na kiu. Ukichoka unasema nataka kurara, hapo hakuna anayekupigia makofi. Hata ile "hebu rete sufuria" ya kwanza, ulikuwa unataka sufuria, basi. Hiyo ilikuwa imetoka yenyewe na huna cha kuiombea msamaha. Lakini ulivyoambiwa "hebu rudia" ukarudia, ukarudia tena na mikono juu yake, hapo sufuria ulikuwa huitaki tena, ulikuwa unataka watu wacheke. Mara ya pili na ya tatu ulimcheka. Haikuwa kwa roho mbaya, najua, ni ule ujinga wa sekunde kumi ambao kila mtu anao, ila ulimcheka na yeye hakusikia vibaya, alisikia sawasawa.

Ndo maana nakwambia ukienda kwake na "sikuwa nakucheka" atakuona muongo, na hataamini hata ile nusu ya kweli.

Na ujue ameumia wapi. Kikurya hakina l, kabisa, sio kwamba watu wake ni wavivu wa ulimi, lugha ya mama yake haina hiyo sauti, ina r. Kwahiyo huyo binti uwezekano mkubwa tangu shule ya msingi kuna mtu anamkatisha katikati ya sentensi, anataka kusema jambo la maana watu wanasikia r. Wachekeshaji wanaishi mjini kwa hiyo r. Watu wanasema ni utani tu wa makabila, sawa, utani upo na mwingine mtamu, ila utani una zamu, leo wewe kesho mimi, na wale wenye Kiswahili cha pwani zamu yao ya kuchekwa huwa haifiki, au ikifika ni ya tungule siku moja sokoni halafu inaisha. Wasomaji wangu Wakristo wanakikumbuka kile kisa cha Waamuzi 12, watu wa Gileadi wamekaa kwenye vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka anaambiwa sema Shibolethi, Mwefraimu anasema Sibolethi maana sh haimtoki, anakamatwa anauawa, imeandikwa walikufa 42,000. Herufi moja tu. Sisemi mlitaka kumuua mtu kwa sufuria, nasema watu kupimana kwa herufi hakujaanza Dodoma, na mtu aliyepimwa sana anajua mapema kuliko wewe kwamba anapimwa.

Na hizo "habari za asubuhi" zake za taarifa ya habari unazosema zinakuumiza kuliko tusi, uko sahihi kuumia. Kuna mwanasaikolojia mmoja mzaliwa wa Wales, Howard Giles, tangu miaka ya 1970 amekuwa akielezea hili, kwamba tunaongea kumsogelea tunayempenda na tunaongea kumkwepa tunayetaka akae mbali. Rafiki yako hajanyamaza, amehama. Zile l zilizokaa mahali pake ni ukuta anaujenga tofali moja moja, na kila tofali linamgharimu maana anaongea huku anajikagua, kama wewe tu unavyojikagua. Yani mko wawili rumu moja kila mtu ni askari wa geti lake.

Ila sasa, mwanangu, kuna kitu umekiandika mwenyewe na naona hukukiona. Rudi kwenye barua yako. Taa zimezimwa, mtu ameumia, amegeukia ukuta, hapo hakuna mtu anayechagua maneno. Akasema nini? "Hata wewe wanicheka mie?"

Wanicheka. Mie.

Tarime nani anasema mie? Huko ni mimi, na ni unanicheka, hiyo wanicheka ni ya kwenu, na sisi watu wa Tanga nasi tunayo kidogo. Huyo binti kwenye dakika mbaya kuliko zote, amekukasirikia wewe, alikulalamikia kwa ulimi wako. Na yeye ameambukizwa! Nakuhakikishia ukivuta kumbukumbu utakuta na mengine, labda hebu zake zimekuwa nyingi, labda anasema ntakuja badala ya nitakuja, labda mama yake kule Tarime alishamuuliza mbona siku hizi unaongea kama unaimba, na yeye akacheka akakaa kimya asikwambie. Wewe ulikuwa unahesabu alichokupa tu, hukuhesabu alichochukua.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza usimtumie meseji wala voisi noti, hili la mdomo limalizwe kwa mdomo. Tafuta wakati mko wawili, mchukue mkatembee hata mpaka kwa mama wa chapati. Muombe msamaha wa ile mara ya pili na ya tatu, hivyo hivyo kwa hesabu, mwambie "nilivyoambiwa nirudie nikarudia nilikosea, nilikuuza kwa kicheko". Usiweke lakini. Usiseme nilikuwa natania tu, hilo neno limeshamchosha toka darasa la tatu. Nyamaza asikilizike, akitaka kukufokea akufokee, watu wa kwao wakifoka ni afadhali, wakisema samahani naomba unipishe ndo mbaya. Akishamaliza ndo umwambie hii nyingine, kwamba hata nyumbani kwenu Idi umeitwa Mzanzibara kwasababu yake, bibi amekuuliza unagombana na nani, umetajiwa bei ya mgeni kwenye soko la kwenu, yani umebeba r yake ukapanda nayo boti. Nadhani umemficha hayo, sivyo? Ulidhani yatamuumiza. Mwambie. Halafu ndo umuulize taratibu hiyo mie ameitoa wapi.

Na yule wa darasani aliyesema hebu rudia, siku akirudi akaanza tena, mkatishe wewe, usimwachie rafiki yako. Neno moja linatosha, "tumeacha hiyo". Sufuria ikiendelea kuchemka mada nyingine itakuja. (Na hilo jiko la umeme mlifiche vizuri, mimi sikusikia.)

Bibi sasa. Bibi ana hoja, nisimvunjie heshima, ni kweli mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, kwahiyo akisema kimetoka kwao hajakosea sana. Ila kilichochaguliwa ni Kiunguja cha mjini, na bibi yako umeniambia ni mtu wa Makunduchi. Mwanangu, Makunduchi kuna Kikae, lahaja ya huko, mtu wa mjini akikisikia kinampita pembeni. Hebu Julai ukiwa likizo mpeleke Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, akikutana na wenzake wa utotoni kaa karibu usikilize atakavyobadilika mdomo ndani ya dakika tano, halafu usiseme kitu, muangalie tu ucheke. Na yeye alipanda gari akaja mjini akakuta watu wanaongea vingine, akafuata, kama wewe ulivyofuata nyanya za Majengo. Sidhani kuna mtu wa Makunduchi alimwambia ameuza lugha, au labda walimwambia, muulize.

Ila kwenye maji bibi yuko sahihi na wewe umekosea. "Nipe maji" kwa bibi wa Unguja sio suala la lafudhi, ni adabu. Tarime mtu akikwambia nipe maji hajakuvunjia heshima, ndo wanavyoongea, maneno mafupi na upendo uko kwenye kile kiti cha plastiki cha hospitali. Lakini nyumba ya bibi ina utaratibu wake, hapo ni "bibi naomba maji", tena kaa chini kwanza. Sauti zitoke zitakavyo, dhambi iwe zambi Mungu anajua umekusudia nini, lakini kuomba unaomba kwa desturi ya nyumba uliyomo. Hili linafundishika na ulimi hauna kisingizio.

Kuhusu kuurudisha ulimi kwenu, usihangaike nao. Ukikaa nyumbani wiki mbili tatu utarudi wenyewe, ukirudi Dodoma utaondoka tena, utakuwa unasafiri hivyo maisha yako yote na wala hulipi nauli. Binamu yako wa thelathini mwache, akipata kazi Mwanza tutamsikia.

Ukishaongea na rafiki yako niandikie, nataka kujua alisemaje ulipomuuliza kuhusu hiyo mie.